Kurudisha vitu vibovu supamaketi hapa Mtwara: nimejaribu mara nne

Duka lenyewe silitaji, Mtwara ni ndogo na bado nanunua hapo hapo, anayelijua atalijua. Ni supamaketi ya kawaida si kubwa kivile, ina freza mbili nyuma, ina kaunta mbili ila siku zote anakaa keshia mmoja, na juu ya mashine ya risiti wamebandika karatasi imeshapauka kwa ukongwe, BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Mie naoka keki za oda nyumbani Chuno kwa hiyo hela yangu karibu yote inapita pale, siagi, maziwa, yogati, unga, sukari laini, mayai tu ndo nachukua kwa jirani anayefuga. Toka mwaka jana mpaka sasa nimerudisha vitu mara nne. Mbili nimeshinda, moja nimeshindwa na moja mpaka leo sijui niiweke kundi gani.

Naanza na ya kushindwa. Nilichukua kopo la yogati jioni, mbio mbio, nina keki ya send-off kesho yake. Nafika nyumbani naona kile kifuniko cha foili kimefura kama tumbo la chura. Tarehe bado ina wiki mbili mbele. Nikafungua hivyo hivyo kwa ubishi, ikatoa pshhh kama soda, harufu ikamfikia mama mkwe sebuleni akauliza mmefungua nini huko jikoni. Nikadaka bajaji nikarudi. Keshia ni binti mdogo tu, ana adabu zake, akaligeuza kopo, akatupa macho kule ofisini, halafu akaniambia kwa sauti ya chini: "Dada naomba usinichukie, hii nikiipokea mimi inaandikwa kwangu, mwisho wa mwezi nakatwa."

Sasa hapo we ungefanyaje? Nilikuwa nimekuja na maneno yangu yote nimeyapanga toka kwenye bajaji, yakaisha. Nikaondoka na kopo langu. Elfu tatu na mia tano ya yogati, nauli ya kwenda na kurudi, na keki nikaishia kuweka maziwa na ndimu (ikatoka vizuri tu lakini si hoja). Mume wangu ananicheka, anasema umeenda kudai umerudi na huruma. Nilikasirika usiku mzima na si kwa yule binti, nilimkasirikia aliyemkalisha pale mbele apokee lawama za friji ambayo si yeye anayeizima wala kuiwasha.

Toka siku ile kitu kibovu sikipeleki tena kaunta. Nakipeleka ofisini, kwa mwenye uwezo wa kusema ndiyo bila kukatwa mshahara. Na wala jioni siendi, naenda asubuhi saa tatu hivi kabla watu hawajajaa, maana jioni meneja hayupo na pia ukianza kuongea mbele ya foleni kila mtu anatoa shingo, wengine wanakujua, kesho unasikia kanisani au msikitini fulani aligombana supamaketi kisa yogati. Hiyo aibu ndo inayowafanya wengi tunyamaze, si uvivu.

Kuku sasa. Huyu alikuwa wa kugandishwa, kilo na kidogo, elfu kumi na mbili. Dukani niliangalia tarehe tu, juu yuko msafi mweupe. Nyumbani namgeuza, chini ya mfuko kuna bonge la barafu jekundu limelala bapa kama sahani. Kwa wasiojua, kuku akigandishwa mara moja vizuri barafu yake inakuwa ndogo ndogo imetawanyika. Akiyeyuka maji na damu vinashuka chini vinatuama, umeme ukirudi vinaganda pale pale vilipo, ndo hilo bonge. Na kuganda hakuui vijidudu, kunavilaza tu, kuku akiyeyuka vinaamka vinazaana kwa raha zao, akigandishwa tena vinalala vikiwa vingi vile vile. Kwa joto letu hili na umeme wetu huu unaoujua (gesi inachimbwa Mnazi Bay, inasafishwa hapo Madimba, halafu sisi tunakaa gizani tunapepea mbu) huwezi kujua amelala nje ya baridi masaa mangapi.

Sikumpika. Nikamtupia kwenye freza yangu abaki vile vile alivyo, hiyo muhimu, ukimpeleka ameshayeyuka watakwambia umemyeyusha wewe. Asubuhi nikambeba na risiti, nikapita kaunta moja kwa moja, nikagonga ofisini. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, karibu. Sikupiga kelele, nikamgeuza kuku mezani kwake nikanyamaza. Akambonyeza, akamwangalia muda mrefu, akaita kijana wa stoo: "Njomba, umeme ule ulirudi saa ngapi?" Kijana wa watu bila hiyana akajibu, "Juzi ule? Alfajiri mzee, ulikatika toka jioni." Kimya. Mzee akaenda mwenyewe kwenye freza akawageuza wenzake, watatu walikuwa na sahani ile ile nyekundu, akawatoa wote.

Hela taslimu hakunipa, alisema risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ikishatoka kuirudisha nyuma ni msala, nikachagua vitu vya elfu kumi na mbili nikaondoka. Mie sikuona ubaya, kwangu ni siagi tu ile. Kilichoniwasha ni kwamba sikuuliza wale kuku watatu wameenda wapi. Naomba wawe wameenda shimoni.

Unga ndo ile nisiyojua niiweke wapi. Pakiti ya kilo mbili, nimeifungua siku nne baada ya kuinunua, ndani wadudu wale weusi wanatembea na nyuzi nyuzi zimeshika unga. Nikapeleka. Safari hii mzee hayupo, yuko supavaiza kijana, akaniambia sista hawa wadudu wameingilia kwako. Nikamwambia pakiti ilikuwa imefungwa. Akasema sasa mbona imefunguliwa. Jamani! Nimeifungua ndo nikawaona, ningewaonaje bila kufungua, nina eksirei? Tulibishana pale kama dakika kumi halafu akanipa pakiti nyingine "kwa sababu wewe ni mteja wetu", yaani kama msaada, si haki yangu. Nikaichukua, nikaifungulia pale pale kaunta mbele yake, ilikuwa safi. Na kwa ukweli wa Mungu sina uhakika mia kwa mia, jikoni kwangu hao wadudu siku za nyuma wamewahi kuwepo. Ndo maana siku hizi unga na mchele wa pakiti nafungua siku ile ile nikifika, na ile pakiti ya kwanza kuikata naichukua video ya sekunde kumi, watoto wananiona nimechanganyikiwa.

Ya nne ilikuwa rahisi mpaka nikashangaa. Mayonaizi imepita tarehe miezi miwili, iko kwenye shelfu mstari wa mbele kabisa. Hapo hakuna aliyebisha, hela yangu nilipewa mkononi, samahani tatu, na chupa zote zikatolewa ndani ya dakika tano. Sababu naijua. Kitu kilichopita tarehe kina namba imeandikwa, hakina mjadala, na tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yalipohamia TBS, shirika la viwango, wenye maduka wanaogopa kukutwa nacho. Kitu kilichoharibika kabla ya tarehe kina mdomo wako na mdomo wao tu, ndo maana kuku na yogati vinataka ubebe ushahidi.

Kuhusu ile karatasi ya hairudishwi, msiiogope sana. Nchi hii ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, sura ya 214, ya zamani kweli kweli, inataka bidhaa anayokuuzia mfanyabiashara iwe na ubora wa kuuzika, na kuna Sheria ya Ushindani ya 2003 ambayo ndo iliyoweka Tume ya Ushindani, FCC, kumlinda mlaji. Karatasi ya printa haifuti sheria. Itakusumbua ukiwa umebadili mawazo tu, umenunua biskuti za chokoleti ukakumbuka ulitaka za nazi, hapo tulia ule. Ila na wewe ujue, hiyo hiyo sheria ya mauzo inasema kama umekikagua kitu na kasoro ilikuwa wazi ya kuonekana, huwezi kuja kulia baadaye, kwa hiyo kopo lililobonyea la kwenye kapu la ofa ukilichukua kwa macho yako umelichukua. Sijafika FCC na sidhani nitafika kwa kopo la yogati, lakini ukilitaja jina lile kwa upole ofisini, mtu anakaa sawa kwenye kiti.

Risiti sasa. Ile karatasi ya EFD inafutika, ukiiacha kwenye pochi kwenye joto wiki mbili inakuwa nyeupe kama haijawahi kuandikwa, ipige picha siku ile ile. Nimejifunza hili kwenye blenda, nayo ni habari nyingine sitaki hata kuikumbuka.

Niwe mkweli na upande wao pia. Mzigo mwingi unatoka Dar, kilomita kama 560 za lami na mashimo, na kila masika tunaomba Mungu pale Somanga pasikatike. Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ilikatika upande ule wa Kilwa, malori yakalala njiani, vitu vya baridi vikapikwa na jua. Supamaketi haikuleta mvua. Lakini kama lori limelala njiani na wewe unajua, basi huo mzigo ukaguliwe kabla ya kuwekwa shelfu, sio nikukagulie mie nyumbani kwangu.

Watu wananiambia si ununue sokoni tu. Ndo nanunua! Samaki siwezi kumtoa supamaketi hata siku moja, naenda Feri kwenye soko la samaki, namfunua shavu naona wekundu, namwangalia jicho, namalizana na mtu hapo hapo, sina cha kurudisha. Hata mama wa ming'oko (vile viazi pori vyetu) pale barabarani, nikimwambia za jana zilikuwa ngumu anacheka ananiongezea fungu, hana risiti wala karatasi ya kubandika ukutani. Shida ya supamaketi ni kwamba kila kitu kimefungwa, unanunua picha ya kitu, ndo maana wao zaidi ya mama wa ming'oko wanatakiwa kukipokea kikirudi. Tatizo siagi na yogati Feri hazipo.

Basi kama unauliza urudishe au usirudishe: nyama, kuku, soseji, maziwa, yogati, rudisha, hata kama nauli inakula faida yote, maana hicho kitu kikibaki kule kinamngoja mwingine na mwingine huyo anaweza kuwa mzee au mtoto mdogo. Kilichopita tarehe rudisha na uwaonyeshe shelfu. Nyanya mbili zimelainika ndani ya pakiti, mkate umekauka, kitunguu kimeota, hapana jamani, boda tu buku kwenda buku kurudi, pika yaishe. Unga na mchele inategemea umefungua lini na roho yako inasemaje.

Duka nalipa nyota tatu kati ya tano. Moja ya mzee meneja kwa alivyomgeuza yule kuku bila kunifanya mwizi, moja kwa kuwa siagi haikosekani hata barabara ikikatika, na moja ya yule binti wa kaunta. Juzi nimeenda kuchukua maziwa sita ya pakiti, yeye mwenyewe kabla ya kuskani akawa anayabonyeza moja moja, la nne akaliweka pembeni bila kusema kitu, akainuka akanifuatia lingine kule nyuma. Foleni ikaguna. Nikamwuliza vipi ile habari ya kukatwa, akasema bado iko vile vile dada. Hizo nyota mbili zilizobaki ndo zimeendea hapo.