Programu za kupaka rangi picha nyeusi na nyeupe kwa mkupuo: ipi itaziacha picha zako salama?

Ujumbe ninaoupokea siku hizi ni kilio kilekile. Mtu ana picha mia na ushee za ukoo, au kurasa za katuni alizochora kwa wino na kuziskani, anataka zote zipate rangi kwa mkupuo. Anampa kijana wa stationery, au anajifanyia mwenyewe. Rangi zinatoka, tena nzuri tu. Siku anapotaka ile kahawia iwe bluu, anafungua folda na kukuta zile nyeusi na nyeupe hazipo tena. Programu imehifadhi zile za rangi juu yake. Msomaji mmoja wa Tanga alikuwa ameshamrudishia shangazi yake picha za karatasi, na shangazi naye ameshazigawa kwa wanawe walioko mikoani.

Kwa hiyo leo usitegemee habari za RAM, kasi wala urahisi wa menyu. Hayo yamejaa YouTube. Mimi kila programu naiuliza swali moja: nikiipa folda nzima na kuiambia ipake, picha za mwanzo zitabaki?

Picha ya kijivu ya kawaida ina ngazi 256, kutoka nyeusi hadi nyeupe. Kwa kazi ya mkupuo napenda njia ambayo programu nyingi zinaiita Gradient Map. Unasema nyeusi iwe bluu iliyokoza, kijivu cha kati kiwe rangi ya udongo, nyeupe iwe krimu, na kila picha inafuata sheria hiyohiyo. Kitabu kizima kinatoka na rangi zinazopatana. Shida ni kwamba ngazi mbili za kijivu zilizokuwa tofauti zinaweza kuangukia rangi zinazokaribiana mno, na JPEG nayo hupunguza undani kila inapohifadhiwa upya. Ukishahifadhi juu ya picha ya mwanzo, hakuna kitufe cha kukurudisha ulikotoka. (Zile zinazokisia rangi kwa akili mnemba siziingizi hapa. Picha moja moja, sawa. Kwa mkupuo, kanga ya bibi itakuwa bluu hapa na kahawia pale, na ukoo mzima utapewa ngozi ya rangi moja ya chai ya maziwa.)

Namba moja ni Affinity, na sifichi kwamba naipendelea. Ni kazi ya Serif ya Uingereza, ikanunuliwa na Canva mwaka 2024, na tangu Oktoba 2025 ni bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Wanaolipa ni wanaotaka zana za akili mnemba. Unarekodi makro yako, yaani hatua za kupaka rangi zitakazojirudia zenyewe, unafungua New Batch Job, na dirisha moja linakuonyesha picha zinakotoka, zinakokwenda, zitakuwa za fomati gani na makro ipi itapita juu yake. Mahali pa kuhifadhi panakukodolea macho, huwezi kusema hukupaona. Elekeza kwenye folda tofauti kabisa, kisha bonyeza. Haina toleo la Linux. Nimeisamehe.

Namba mbili ni Photoshop ya Adobe. Nguvu inayo, sibishi. Lakini ingia kwenye Batch, yaani dirisha la mkupuo, uangalie sehemu ya Destination, yaani matokeo yaende wapi. None inaziacha picha zote wazi kwenye skrini mpaka kompyuta inaanza kuhema. Save and Close inahifadhi juu ya faili ileile ya mwanzo. Folder ndiyo unayoitaka. Sasa mtu mwenye haraka akiona maneno ya kuhifadhi na kufunga, anadhani ndiyo hasa aliyokuwa akiyatafuta! Afadhali upitie Image Processor, iliyo chini ya File kwenye Scripts: inaendesha aksheni yako (ndiyo makro ya huku) na kuweka matokeo kwenye folda mpya inayoitwa JPEG. Kwa picha za skana, ianze aksheni yako na Conditional Mode Change kwenda RGB, yaani hali ya rangi, la sivyo zile zilizo kwenye Grayscale, yaani hali ya kijivu, zitakukwamisha katikati ya kazi.

Bei yake ndiyo inayonikera. Toleo la kununua mara moja liliishia CS6 ya mwaka 2012. Sasa ni kodi ya kila mwezi, dola 20 na ushee kwa bei ya Marekani, na kwa shilingi yetu hesabu haikai sawa miezi miwili mfululizo. Tena soma mkataba. Mpango wa mwaka unaolipwa kwa mwezi una faini ya kujitoa mapema, na Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe ikidai kuwa faini hiyo imefichwa.

Clip Studio Paint ya Wajapani wa Celsys naiweka ya tatu, na kwa wachora katuni tu. Ndoo yake ya rangi inasoma mistari iliyo kwenye leya nyingine na kuziba mianya midogo ili rangi isivuje. Ila kupitisha auto action, makro ya humo, kwenye kurasa zote za kazi moja kunataka toleo la EX, ambalo bei yake ni ya juu sana ukilinganisha na PRO. Usinunue PRO kwa kazi hii.

Za bure: GIMP inatenganisha kuhifadhi na kutoa nakala, jambo jema, lakini mkupuo unataka programu-jalizi au skripti. Krita ni tamu kwa kupaka ukurasa mmoja mmoja. ImageMagick ni ya kuandika amri, na amri yake ya mogrify inahifadhi juu ya faili zako bila kuuliza, mpaka uiwekee -path, yaani folda ya kupeleka matokeo.

Halafu wauza programu kwenye flash. Kuna watu wanakuuzia Photoshop iliyovunjwa leseni, na kirusi juu. Wengine wanakutoza pesa ya "leseni" ya GIMP, kitu ambacho kiko mtandaoni bure. Krita kweli inauzwa Steam, duka la mtandaoni, lakini ile hela inawasaidia wanaoitengeneza. Ya kwako inaishia kwenye droo ya kaunta. Wauzaji, tozeni ufundi wa kusakinisha, na muuite ufundi.

Kabla ya kuiamini programu yoyote, nakili picha tatu kwenye folda ya majaribio, endesha mkupuo, kisha bofya kulia kila picha ya mwanzo na uangalie tarehe ya mabadiliko. Ikiwa ni ya leo, programu imeigusa. Na ukimpa fundi kazi, mdai folda mbili, ya kijivu na ya rangi, uzifungue zote mbili palepale dukani, ndipo utoe hela.