Sola ya mkopo, Kinango: nyota tatu na nusu

Nitaanza na bei, maana ndiyo kila mtu anayoniuliza akiiona paneli yetu. Dipoziti ni shilingi 3,000, halafu 55 kila siku kwa M-Pesa, mwaka mzima. Piga hesabu: 23,075. Kampuni hiyo hiyo, ukienda na taslimu, inakuuzia kwa 17,500. Kwa tofauti ile nanunua unga wa mahamri ninayouza, wa zaidi ya wiki mbili. Lakini 17,500 kwa mkupuo sijapata kuzishika bila deni kunisubiri mlangoni, na koroboi ilikuwa inakula mafuta ya shilingi 30 kila usiku. Ongeza shilingi 20 dukani kila simu ikitaka chaji, yangu na ya baba watoto, uone kama 55 ni mzigo mpya.

Jina la kampuni nalihifadhi. Kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza sola kwa mtindo huu hapa Kenya mwaka 2012, miaka mitano baada ya M-Pesa kuja, na sasa wengi wanauza hivyo. Bila M-Pesa, nani angezunguka nyumba kwa nyumba kukusanya shilingi hamsini hamsini?

Ndani ya boksi: paneli, sanduku la betri, balbu nne, tochi, redio na nyaya za kuchajia simu. Redio ni ya kelele tu. Balbu ya jikoni ndiyo iliyonifaa kuliko vyote, kwani nakanda unga saa kumi alfajiri, na moshi wa koroboi ulikuwa umeniharibu macho.

Fundi wao amezoea mabati. Kuona nyumba yangu ni ya makuti, akakuna kichwa weee, mwishowe shemeji akachimbia nguzo ya mwarobaini uani, mahali kivuli cha mwembe hakifiki, paneli ikafungwa juu na mnyororo na kufuli. Masika yakikaza, balbu zote nne hazifiki saa nne usiku. Tunawasha ya jikoni na ya watoto.

Sasa sikiliza hapa, maana wakala atapapita mbio. Ukilipa unaletewa tarakimu kwa simu, unazibonyeza kwenye sanduku. Siku ulizolipia zikiisha, taa zinajifunga, hata kama betri imejaa pomoni. Inauma, sikufichi. Lakini kwenye mkataba wangu ukikosa hakuna faini wala riba, siku zinasogea mbele tu. Shule zikifungwa wateja wangu hupungua nusu, na deni hili linanivumilia. Mikopo ya simu ingekuwa imeshawapigia ndugu zangu wote. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya siku, uliza siku ukikosa inakuwaje. Kuna kampuni zinazouza bei ya chini kuliko yangu, ila ukichelewa wanakuja kung'oa.

Nyota moja nimeikata kwa huduma. Sanduku liliharibika swichi, ikabidi lipelekwe Ukunda, na siku lilizolala kwa fundi zikahesabiwa kana kwamba natumia! Nilipiga simu mpaka wakanirudishia. Nusu nyota imekatwa kwa sababu ya chekechea ya kijiji. Kikundi chetu cha akina mama kilitaka kuiwekea taa mbili, lakini mkataba hautambui kikundi, unataka kitambulisho cha mtu mmoja. Mwalimu akaandika jina lake. Sasa deni la watoto wa kijiji kizima liko mgongoni mwake.

Kaunti yetu ya Kwale iliwekwa miongoni mwa kaunti 14 za KOSAP, mradi wa serikali wa kufikisha sola kusikofika umeme, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2017 kwa dola milioni 150, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuzivuta kampuni za sola zije huku pembezoni. Basi wakala akisema amekuja kwa hisani, mcheke kidogo. Halafu mwombe jina kamili la bidhaa ulitafute kwenye orodha ya VeraSol, wanaopima ubora wa vifaa hivi. Akisitasita, mwage.

Huyu wangu bado ananipigia nichukue televisheni kwa deni jipya. Nimemwambia anitafute baada ya Ramadhani, na hata hapo jibu litakuwa lile lile.