Android: vitufe vitatu au kutelezesha kidole?

Tangu Android 10 ilipotoka mwaka 2019, ubishi huu wa namna ya kuongoza simu haujaisha.

Kwa nafasi, ishara (yaani kutelezesha kidole) zinashinda bila mjadala: ule mstari wa vitufe chini ya kioo unaondoka, unabaki mwembamba tu. Kwenye simu ndogo utaona tofauti unaposoma au kutazama video.

Kwa uhakika, vitufe. Ukibonyeza "rudi", inarudi. Ishara ya kurudi huanzia ukingoni mwa kioo, na hapo ndipo kero zilipo: kava lenye kingo nene huzuia kidole, na programu zenye menyu ya pembeni hugombania ukingo huohuo, ukitaka menyu unajikuta umetoka. Dawa ni kupunguza wepesi wa ukingo kuitikia kidole. Kwenye simu za Pixel ingia Mipangilio, kisha tafuta hali ya usogezaji. Gusa alama ya gia, sogeza kipimo cha upande wa kushoto au kulia. Kila upande una chake, kwa hiyo punguza ule wenye menyu tu.

Kubadilisha mpangilio wa vitufe? Samsung hukuruhusu kuhamisha "rudi" kutoka kulia kwenda kushoto, kwenye mipangilio ya skrini, sehemu ya upau wa usogezaji. Wa mkono wa kushoto watashukuru.

Simu ya mzazi ambaye vidole vinatetemeka, au kioo kilichopasuka pembeni: weka vitufe. Unasoma na kutazama video sana, kava ni jembamba? Telezesha.