Nunua mashudu kabla ya marobota: chakula cha ng'ombe wakati wa ukame

Mfugaji wa Longido au Simanjiro akiona mbavu za ng'ombe zimeanza kuhesabika, hukimbilia marobota ya nyasi. Kagua malisho yako kwanza. Kama nyasi kavu bado zimesimama, kinachopungua ni protini. Nyasi zilizokauka hubaki na protini ya asilimia 3 au 4 tu, wakati vijidudu vya tumboni vinavyozimeng'enya huhitaji kama asilimia 7. Chini ya hapo nyasi hukaa tumboni muda mrefu, ng'ombe hupunguza kula, na hukonda akiwa katikati ya malisho.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa mashudu, yaani makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamuliwa mafuta. Ya pamba, kutoka Shinyanga na Simiyu, ndiyo ninayoyapenda zaidi. Ya alizeti ya Singida na Dodoma yanafuata, maana mara nyingi yana maganda mengi. Ng'ombe mzima mpe nusu kilo hadi kilo moja kwa siku. Ukizidiwa na kazi, mpe mgao wa siku mbili kwa mkupuo, siku inayofuata umruke. Ila ndama wadogo usiwape ya pamba, yana sumu ya gosipoli ambayo tumbo lao bado haliiwezi.

Kabla ya kulipa, zamisha mkono hadi katikati ya gunia, toa bonge, livunje na ulinuse. Likiwa na ukungu au unyevu, ondoka hata kama bei inavutia: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, hudhuru ng'ombe na hupita hadi kwenye maziwa mnayokunywa nyumbani. Kisha dai mizani.

Ya pili ni pumba za mahindi. Hutia nguvu, lakini piga hesabu: kilo 50 za mashudu yenye protini ya asilimia 30 zina kilo 15 za protini, pumba za uzito huohuo zina kama kilo 5. Kwa hiyo mashudu yakiuzwa hata mara mbili ya bei ya pumba, bado protini yake ni nafuu.

Marobota ni ya tatu, isipokuwa ardhi imebaki vumbi tupu; hapo yanapanda hadi ya kwanza, maana mashudu hayafanyi kazi bila nyasi. Robota la kilo 15 halimalizi siku tatu kwa ng'ombe mmoja wa kilo 250. Mabua ya mahindi na makapi ya maharage kutoka Karatu au Arumeru huwa nafuu zaidi. Yakatekate, uyanyunyizie molasi iliyochanganywa na maji. Molasi yenyewe, ambayo hupatikana viwanda vya sukari kama TPC Moshi, naiweka ya nne: ni tamu, protini kidogo.

Urea, ile mbolea ambayo wengine humpa ng'ombe badala ya chakula cha protini, ni rahisi kwa bei, lakini ng'ombe mwenye njaa akiibugia hufa ndani ya saa chache. Usiiguse bila afisa mifugo kukuonyesha vipimo.

Usijaribu kulisha kundi zima. Uza madume na majike wazee wakiwa bado na nyama, pesa hiyo iwalishe mitamba (majike ambao hawajazaa), wenye mimba na wanaonyonyesha. Na mashudu yanunuliwe Juni na Julai, baada ya mavuno, kisha magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta.