Google Keyword Planner: anza na hii kabla hujalipia kitu

Kama bajeti yako ya matangazo ni ya kuungaunga hii zana ya Google ya kuona maneno ambayo wateja wanatafuta inatosha kabisa, bure ukishafungua akaunti ya Google Ads, unachagua Kenya au Tanzania, unaandika mfano "viatu vya ngozi" inakuletea neno linatafutwa mara ngapi kwa mwezi na makadirio ya bei ya kubonyezwa tangazo. Ila kama hujarusha matangazo namba zinakuja kwa makadirio mapana sana, 1,000 mpaka 10,000, sasa hapo utapanga nini jamani? Na ile safu ya ushindani ni ya watangazaji tu, haikuambii ugumu wa kutokea juu kwenye Google bila kulipia. Mi naitumia pamoja na Google Trends, haitoi idadi, inapima umaarufu wa neno kwa 0 hadi 100, lakini msimu unauona vizuri. Ahrefs na Semrush, zana za kulipia, nzuri kuchungulia washindani, zisubiri mpaka duka liingize hela.