Ruta ya kuhamisha laini yenyewe: ipi ununue kwa ofisi ndogo

Ofisi moja ya wakala wa forodha Kurasini ilikuwa na faiba mbili za kampuni mbili tofauti, zote zimechomekwa kwenye ruta moja, ile ya kuhamia laini ya pili yenyewe ya kwanza ikikatika. Mwenyewe alikuwa na raha zake. Siku mkandarasi wa barabara alipochimba mtaro, laini zote mbili zilizima pamoja: mtaani zilipita kwenye bomba lile lile. Nyaraka hazipandi, simu za mezani kimya.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya ruta, uliza laini ya pili inapita wapi. Kwa ofisi nyingi, faiba ya kampuni moja na 4G ya kampuni nyingine inatosha. Hata hiyo ina kikomo: Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kusini mwa Afrika, na hapa Tanzania faiba na simu zikayumba pamoja. Siku kama hiyo hakuna ruta ya kukuokoa.

1. TP-Link ER605

Wengi nawaambia wachukue hii. Bei yake inabebeka, na mafundi wengi wanaimudu. Toleo la 2 lina tundu la USB la kuchomeka modemu ya 4G, lakini mimi napenda ruta ya 4G ya pembeni, iunganishwe kwa waya: yenyewe inakaa dirishani inapopata mnara vizuri, ER605 inabaki kabatini. Hakikisha 4G imewekwa kuwa laini ya akiba na si ya kugawana mzigo, la sivyo bando litaliwa na YouTube ya wafanyakazi wakati faiba iko hai.

2. MikroTik hEX

Ni ndogo na ina uwezo mkubwa, ila ukimpa fundi wa kubahatisha umeumia. Kipimo chake cha njia hupiga pingi (ujumbe mdogo wa kuuliza "upo?") kila sekunde 10, na jibu likikosekana mara mbili njia hiyo inaachwa. Sasa tatizo: kikiwekwa kivivu, kinapima kifaa cha jirani tu, mara nyingi modemu ya faiba iliyo ukutani. Waya wa nje umekatika, modemu bado inajibu, na ruta inaamini mambo ni shwari. Mwambie fundi apime anwani za mbali huko kwenye intaneti, kama 8.8.8.8 ya Google na 1.1.1.1 ya Cloudflare. Akikutazama kama umemtukana, tafuta mwingine.

3. Teltonika RUTX11

Ya ghala au kituo cha mafuta ambako faiba haijafika. Inachukua laini mbili za simu, lakini modemu ni moja, kwa hiyo laini moja tu ndiyo hufanya kazi kwa wakati, na kuhama kunachukua muda wakati inajisajili upya kwenye mtandao. Kwa risiti na ujumbe ni sawa. Kwa simu zinazopigwa mfululizo, hapana.

4. Peplink Balance 20X

Kiufundi inazishinda zote. Kwenye zile tatu, laini ikihama anwani yako ya intaneti hubadilika, na simu iliyokuwa hewani hukatika. Peplink ukiitumia na SpeedFusion, teknolojia yake ya kuunganisha laini, hupitisha mazungumzo kwenye handaki, yaani njia maalumu ndani ya intaneti, linaloishia kwenye kituo cha pili (Peplink nyingine au seva ya mtandaoni), na mteja anaendelea kuongea bila kujua kilichotokea. Lakini kituo hicho cha pili lazima uwe nacho au ukilipie. Kwa kituo cha huduma kwa wateja ningeiweka namba moja. Kwa duka la vipuri ni kuchoma hela.

Ukichukua moja ya zile tatu na simu zako zinapita kwenye intaneti, punguza muda wa simu kujisajili upya kwa mtoa huduma wa simu (kumjulisha iko wapi) uwe dakika moja au mbili. Nyingi huja zimewekwa saa nzima: laini ikishahama unapiga vizuri, wanaokupigia hawakupati.

Nunua na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ndogo ya kubeba ruta pamoja na modemu ya faiba. Watu huisahau hiyo ya pili.

Usimlipe fundi kabla ya jaribio. Chomoa waya wa faiba upande wa ukutani, modemu ibaki inawaka, kisha piga simu ofisini kutoka nje na hesabu sekunde. Urudishe, uone kama laini inarudi faiba yenyewe. Na kila mwezi mtu mmoja, kwa jina, aangalie kama bando la akiba bado lipo.