Mimea ya ndani kwa nyumba ya Dar: upi ununue kwanza, upi usubiri

Kabla hujatoa hela, nenda pale unapotaka mmea ukae, saa sita mchana, ukiwa na karatasi nyeupe. Ilaze, kisha nyoosha kiganja juu yake, futi moja hivi. Kivuli kikionekana na kingo zake wazi, mwanga upo. Kikiwa hafifu, bado ipo mimea itakayovumilia. Kisipoonekana kabisa, weka taa au picha ukutani, maana hapo kila mmea utakufa polepole.

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zimejengwa kukimbia jua: baraza pana, vioo vya giza, mapazia mazito. Sebule ambayo sisi tunaiona ina mwanga mzuri, kwa mmea ni kama chini ya mwembe. Nimesikia watu wengi wakisema, "Mimi sina mkono wa mimea." Mkono hauna kosa lolote. Walinunua kwa kufuata picha, si kwa kufuata dirisha lao.

Kwa hiyo nimepanga kwa kipimo kimoja: mmea upi utakuwa hai na mzuri baada ya mwaka, kwenye joto la pwani, kwa mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku.

1. Zamioculcas

Wauzaji huuita kwa herufi mbili tu, ZZ. Majani yake mazito, ya kijani kibichi, hung'aa bila kupakwa chochote. Watu huudhani mmea wa kizungu, lakini asili yake ni huku kwetu: unaota porini kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, Tanzania ikiwemo. Waholanzi ndio walioanza kuuzalisha kwa wingi kibiashara, miaka ya 1990, na sasa tunaununua kama mgeni. Inaniuma kidogo, lakini pia inanifurahisha kuuona umerudi.

Chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji, ndiyo maana unaweza kusafiri wiki tatu ukaukuta kama ulivyouacha. Ukiwa kwa muuzaji, bonyeza kiriba kwa ubavuni. Ukihisi vigumugumu vimejaa, chukua. Ukihisi udongo mtupu uliolegea, huenda ni tawi lililochomekwa juzi. Huu hukua polepole na bei yake huwa juu kuliko mingine, kwa hiyo nunua mdogo wenye machipukizi mengi badala ya mrefu wenye mashina mawili. Utomvu wake huwasha, basi uweke mbali na mtoto anayetambaa.

2. Sansevieria

Ni jamii ya mkonge mwitu. Ile ya majani marefu yenye mabaka, inayouzwa sana, asili yake ni Afrika Magharibi. ZZ ikikushinda bei, na hela ikitosha mmea mmoja tu, nunua huu. Huzaliana wenyewe, na baada ya mwaka utamgawia jirani. Kitu kimoja cha kukagua: bonyeza majani pale yanapotokea udongoni. Pakiwa laini kama ndizi iliyoiva sana, umeshaoza, hata kama juu unapendeza.

3. Masale

Hapa naomba tukae kidogo. Kwa Wachagga sale si pambo. Ni mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na ni jani unalompelekea uliyemkosea ukienda kuomba msamaha. Wengi waliokulia Kilimanjaro hawajawahi kufikiria kuliingiza ndani, na wengine wataona si heshima. Hilo ni la kuzungumza na wazee wa nyumba yenu. Lakini mmea huohuo, Dracaena fragrans, umepamba sebule na ofisi za Ulaya kwa miaka mingi. Kwangu mimi, hakuna mmea unaoipa sebule ya mjini harufu ya nyumbani kama huu. Wataalamu sasa wanauweka jenasi moja (kundi moja la kisayansi) na sansevieria, ingawa kwa macho usingedhani.

Unataka mwanga zaidi kidogo, karibu na dirisha lakini si kwenye jua kali. Ncha zikigeuka kahawia, shuku maji: visima vingi vya Dar vina chumvi. Kinga maji ya mvua, au tumia yale yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi.

4. Mani planti

Mzuri, rahisi, unatambaa juu ya kabati la vitabu. Watu hupenda kuuotesha kwenye chupa ya maji, na hapo ndipo ninapokunja uso. Maji yaliyotulia ndani ya nyumba ni kitalu cha mbu wa dengue, na Dar tumeuguzana kwa dengue 2014 na tena 2019. Mwaga maji na usugue chupa kila wiki, au upande kwenye udongo. Kisahani cha chini ya chungu kina kosa hilohilo.

Spathiphyllum, ule wa ua jeupe kama kijiko, ungekuwa juu zaidi kama tungekuwa na maji ya uhakika. Unalegea ukisikia kiu, na unasimama tena ukinyweshwa. Areka, yule mnazi mdogo wa mapambo kutoka Madagaska, mwache barazani. Ndani huwa unanyauka.

Muuzaji akikwambia mmea fulani "unasafisha hewa", usiongeze bei kwa sababu hiyo. Maneno hayo yanatokana na utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa 1989 uliofanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa. Mapitio ya tafiti ya 2019 yalionyesha ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kulingana na hewa inayopita dirishani. Fungua dirisha. Faida ninayoiamini ni ya macho na moyo: mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliokuwa wanaona miti dirishani walitoka mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu chache kuliko walioangalia ukuta wa matofali. Kwa sababu hiyo maua ya plastiki sijayapa namba. Yanakusanya vumbi, na hayachipui.

Wa mwisho Dar, wa kwanza milimani

Urujuani wa Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliukuta upande wa Tanga na kupeleka mbegu kwao. Mwaka uliofuata ukapewa jina Saintpaulia. Leo uko kwenye madirisha ya dunia nzima, na sisi wenyewe kuupata ni kazi. Kwa joto la Dar sikushauri, utateseka nao. Ukiwa Lushoto, Arusha au Mbeya, uanze nao kabla ya yote niliyotaja: dirisha la asubuhi, maji yamiminwe kwenye kisahani unywe kutoka chini kwa nusu saa kisha yamwagwe, majani yasilowe.

Usiung'oe msituni, kwani huko unazidi kupungua. Tafuta mtu anayeuotesha, umwombe jani moja na kikonyo chake. Lifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, na ukifika nyumbani lichomeke kwa kulilaza kidogo kwenye mchanga uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Kwa wiki kadhaa hutaona kitu. Kisha, pale kikonyo kilipozama, vitatokea vijani vidogo vyenye manyoya.